Nilisoma Ishirini na Moja

Mstari wa chini kabisa wa chati ya macho niliukariri kabla sijauona. Kijana aliyetangulia kutoka chumba cha macho alipita ubavuni mwa foleni akiunong'ona, nasi tukaupokezana kama ndoo za kuzimia moto mpaka ukafika mkiani. Nilikuwa na miaka 19, kwenye vipimo vya kuingia jeshini. Nilikwisha kupita kwenye urefu, uzito, meno, masikio, moyo na nyayo. Sikuwa tayari kurudishwa nyumbani na karatasi yenye herufi.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniambia nisimame kwenye alama nyeupe sakafuni, mita 6 kutoka ukutani, nizibe jicho la kushoto bila kulikandamiza. Herufi za juu nilizisoma kwa uaminifu. Zilipoanza kugeuka vumbi nikaacha kusoma nikaanza kughani, na mstari wa mwisho niliumaliza kwa kishindo, kifua mbele.

Akanyamaza kidogo.

"Umesoma vizuri sana, mwanangu. Ila huo ni mstari wa chati ya jicho la kushoto. Bado sijaigeuza."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilingoja anifukuze. Badala yake akafungua droo, akatoa kibao cheusi chenye vitundu vidogo kama vya sindano, akaniambia nitazame chati ile ile kupitia kitundu kimoja. Nikasoma mistari miwili zaidi, safari hii kwa macho. Akatabasamu, akaandika. "Jicho ni zima. Linataka miwani tu. Kwa nini unajipa kazi ya kudanganya?"

Baadaye sana, nilipokaa upande ule mwingine wa meza, ndipo nilipoelewa kibao kile kinafanya nini. Tundu dogo hupitisha miale michache tu inayokwenda moja kwa moja, kwa hiyo jicho halihitaji kujihangaisha kuikusanya. Mtu akiona vizuri zaidi kupitia tundu, shida yake ni ya kukusanya mwanga, na miwani itaimaliza. Asipoona tofauti, daktari huanza kutafuta pengine: lenzi yenye ukungu wa mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Ndiyo maana watu wasioona mbali hukunja macho wakitazama kitu. Wanajitengenezea kitundu kwa kope zao. Nami niliyakunja macho yangu tangu utotoni, watu wakidhani nina hasira.

Kwenye fomu aliandika 6/18 jicho la kulia na 6/24 la kushoto. Wengi huzisoma namba hizo kama alama za mtihani, na hapo ndipo hofu yote inapozaliwa. Namba ya juu ni umbali uliosimama wewe. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho ya kawaida angesimama na bado akaisoma herufi hiyo hiyo. Maana yake, herufi niliyolazimika kuisogelea mpaka mita 6, mwenzangu angeisoma akiwa mita 18. Wamarekani hupima kwa futi, ndipo ikaja ile 20/20 inayotajwa kila mahali. Mpango huo ulibuniwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862, na herufi ya 6/6 kwenye chati ya mita 6 haifikii hata milimita 9 kwa urefu. Na 6/6 si ukamilifu. Wapo vijana, nimewapima mwenyewe, wanaosoma 6/5 bila hata kukaza shingo.

Miezi michache baadaye, nilipovaa miwani kwa mara ya kwanza, niligundua jambo la ajabu juu yangu. Maisha yangu yote nilikuwa nawatambua watu kwa mwendo wao. Mtu akiwa mbali sikuwahi kuona sura, niliona jinsi anavyotupa mguu, anavyobeba mabega, nami nilidhani kila mtu hufanya hivyo. Kwenye gwaride, ambako watu mia mbili wanatembea kwa mwendo mmoja, nisingemtambua hata ndugu yangu wa tumbo moja.

Lakini nimeruka mbele. Siku ile miwani ilikuwa jambo dogo.

Baada ya chati daktari alinivuta kiti karibu na dirisha, akafungua kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na duara lililojaa vitone vya rangi, vikubwa kwa vidogo, kama changarawe zilizomwagwa. "Nitakufungulia kurasa. Niambie namba unayoiona. Usifikirie." Ukurasa wa kwanza niliona 12, nikasema. Wa pili nikaona 3. Ukafuata mwingine, mwingine tena, kisha nikaona 21, imekaa katikati waziwazi. "Ishirini na moja," nikasema kwa sauti ya mtu aliyepona. Zikaja kurasa ambazo sikuona kitu, zikaniogopesha, halafu mbele kidogo nikaona 45, nikashusha pumzi.

Alipofunga kitabu aliuliza kama mama yangu ana kaka.

Sikuelewa swali. Nikajibu ndiyo, mjomba wangu yupo. "Anavaa soksi zisizofanana?" Nikacheka, kwa sababu ndiyo, mjomba alikuwa kichekesho cha ukoo mzima kwa soksi zake, moja ya kijani, moja ya kahawia, naye huapa ni pea moja.

"Pale uliposema ishirini na moja," daktari akasema, "pameandikwa sabini na nne."

Nilibishana naye. Naona aibu kidogo kulisema hili, ila nilibishana. Nikaomba anifungulie tena. Akafungua. Niliitazama ile 21 kama mtu anavyoitazama hati ya shamba lake mwenyewe. Hata leo, miaka mingi baada ya kujua kilichochapwa pale, nikifungua ukurasa ule naona 21. Kujua hakubadilishi chochote.

Hilo ndilo lililonishtua siku ile, na ndilo ninalowaeleza vijana kila wanaponiuliza juu ya upofu wa rangi. Wanadhani ni kuona giza au kuona kila kitu kijivujivu. Kijivujivu kingekuwa rahisi, ungejua una shida. Mimi nilipewa jibu kamili, lenye umbo na mipaka, na lilikuwa la uongo. Kurasa nilizoona tupu zilinitia wasiwasi, ile iliyonidanganya ikanituliza. Waliosema nyani haoni kundule walikuwa wanasema tabia, lakini ingefaa kubandikwa mlangoni mwa chumba cha macho.

Kitabu kile ni kazi ya Shinobu Ishihara, Mjapani, daktari wa macho wa jeshi, aliyepewa jukumu la kutafuta njia ya kuwachuja makurutu wasiotofautisha rangi. Alikichapisha mwaka 1917. Kurasa za mwanzo alizichora kwa mkono, kwa rangi za maji, akitumia herufi za Kijapani kabla ya namba. Kwa hiyo kitabu ambacho leo hufunguliwa hospitalini na kwenye leseni za udereva kilizaliwa kwenye foleni kama ile yangu. Kabla yake watu walipimwa kwa nyuzi za sufu. Frithiof Holmgren wa Uswidi alieneza kipimo hicho baada ya treni mbili kugongana Lagerlunda mwaka 1875. Yeye alishuku kwamba mmoja wa wahusika hakutofautisha taa. Ulikuwa unapewa uzi mmoja, unaambiwa uchague kwenye rundo nyuzi zote zinazofanana nao. Mjomba angewaletea rundo zima.

Nani hukaa miaka 19 bila kujua kitu kama hiki? Wengi wenye hali hii. Hatukufundishwa rangi kwa macho pekee. Tulifundishwa kwa maneno: majani ni ya kijani, damu ni nyekundu, taa ya juu ni ya kusimama. Ubongo unajaza palipobaki, na mtu anakua akijibu sawasawa maswali mengi ya rangi bila kuziona sawasawa. John Dalton, mkemia wa Uingereza ambaye jina lake bado limebandikwa kwenye hali hii katika lugha kadhaa, alifika umri wa zaidi ya miaka 25 kabla ya kushtuka kwamba ua analoliona yeye silo wanaloliona wenzake. Mwaka 1794 akasoma maelezo yake mbele ya wasomi. Aliamini maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya samawati, akaagiza apasuliwe macho akifa ili ithibitishwe. Alipokufa mwaka 1844 akapasuliwa. Maji yalikuwa maangavu, hayana rangi. Jibu lilikuja mwaka 1995, vipande vya jicho lake vilivyohifadhiwa vilipopimwa vinasaba, ikaonekana alikosa kile kinachopokea mwanga wa kijani kwenye retina. Mtu mwenye akili ile alikosea juu ya macho yake mwenyewe. Kukosea kwangu juu ya 21 kukawa kwepesi kidogo kubeba.

Mama nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyekupa?" Nikamwambia ndiyo, kwa njia moja, kwa maana vinasaba vya nyekundu na kijani hukaa kwenye kromosomu X, na mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama yake. Mwanamke ana mbili, moja ikiwa na kasoro nyingine humfichia. Ndiyo maana hali hii huwapata zaidi wanaume, na hutoka kwa babu mzaa mama, au huonekana kwa mjomba, ikipita kwa mama asiyejua. Sijui kama maelezo yalimsaidia. Jioni ile alipiga simu kwa mjomba kumwomba radhi kwa miaka yote ya soksi.

Turudi chumbani. Baada ya kitabu kulikuwa na mashine ya kutazama picha ya nyumba mwisho wa barabara, inakuwa na ukungu kisha inasafika, na mashine nyingine inayopuliza hewa kwenye jicho kupima presha yake. Kila mtu huruka kwenye ile ya pili, hata wale wenye vifua kama milango. Halafu matone. Haya hupanua mboni ili daktari aone mpaka nyuma ya jicho, na mengine hulegeza misuli ya kulenga karibu ili kijana asiweze kuficha kipimo chake cha kweli. Hakuna aliyenionya kwamba kwa saa kadhaa nisingeweza kusoma maandishi ya karibu, wala kwamba jua lingenichoma kama pasi. Nilipewa fomu ya kusaini dakika 20 baadaye nikasaini mahali pa shahidi. Ukiitwa kwenye kipimo hicho, usiende peke yako kwa chombo unachoendesha mwenyewe, na chukua miwani ya jua.

Uamuzi ukaja mchana: anafaa, kwa miwani, isipokuwa kazi zinazotegemea kutofautisha rangi. Kwenye fomu ya maombi nilikuwa nimeandika urubani, kama nusu ya foleni. Nilisikitika, lakini sikuona nimeonewa. Taa ya ncha ya bawa la kushoto la ndege ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani, na meli nazo ni hivyo hivyo. Usiku, kwa taa hizo, unajua chombo kinaelekea upande gani. Fataki za ishara zina rangi, nyaya zina rangi, ramani zina msitu wa kijani na mistari ya kahawia ya miinuko. Ningekuwa rubani, siku moja ningeona 21 angani.

Kuna msemo unaozunguka makambini kwamba wenye upofu wa rangi huona askari waliojificha kwenye majani upesi kuliko wengine, kwa sababu rangi za mavazi haziwadanganyi. Yapo majaribio ya maabara yaliyoonyesha kitu kama hicho, kwa picha maalumu. Porini mimi sikuwahi kumwona mtu kabla ya wenzangu. Niliwahi kumsalimia mti.

Depo, kambi ya mafunzo, ilinifundisha mambo mawili ambayo chumba cha macho hakikuyagusa. La kwanza, miwani na barakoa ya gesi havipatani. Mikono ya miwani hupita chini ya mpira, ikaacha mwanya, na hewa ikipita barakoa si barakoa tena. Kuna lenzi zinazopachikwa ndani kwa ajili hiyo, na ukizihitaji uziombe wiki ya kwanza, usingoje zoezi. Vivyo hivyo uwe na miwani ya pili. Yangu ya kwanza ilivunjika siku ya nne, kwenye ukuta wa kamba.

La pili ni shabaha. Nilikuwa nalenga kwa jicho la kulia kwa sababu naandika kwa mkono wa kulia, na risasi zangu zilikuwa zinakwenda kila mahali isipokuwa kwenye kibao. Miwani mipya, macho 6/6, bado hovyo. Koplo mmoja aliyezeeka kazini aliniambia ninyooshe mikono, niunganishe viganja nibakize kijidirisha, nikitazame kibao kwa macho mawili, kisha nifumbe jicho moja moja. Nilipofumba la kushoto kibao kikahama. Jicho langu linaloongoza lilikuwa la kushoto, ingawa kwenye chati ndilo lililokuwa dhaifu. Watu wengi huongozwa na la kulia, wala si shani kuwa na mkono huku na jicho kule, ila lazima ujue. Nikahamishia bunduki begani kushoto, nikajisikia mjinga kwa wiki tatu, kisha nikaanza kupiga kibao.

Mwaka wa pili nilihamishiwa kitengo cha tiba, na kwa mzaha wa aliyepanga kazi nikapelekwa chumba cha macho kumsaidia daktari yule yule. Alinikumbuka. "Mshairi wangu," akasema.

Kwenye meza ile nilikaa miaka sita, na mbinu zote za duniani nimeziona. Wanaochungulia kati ya vidole, ndiyo maana tukaacha viganja tukaleta kibao cha kuzibia. Wanaoinamisha kichwa, wanaokunja macho, wanaokohoa ili wapate muda. Wanaovaa lenzi za kubandika juu ya jicho wakasema hawavai chochote. Hao ni rahisi mno, ukimwangazia tochi kwa pembeni unaona ukingo wa lenzi ukiteleza kwenye weupe kila akipepesa. Nao hujiumiza bure, kwa sababu lenzi hubadilisha umbo la konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kipimo kikichukuliwa zikiwa ndio kwanza zimetolewa hakisemi kweli. Inatakiwa zikae nje siku kadhaa kabla, na zile ngumu zaidi ya hapo. Waliopasuliwa kwa leza nao huficha, wakati majeshi mengi sasa huwapokea, mradi muda wa kupona umepita na karatasi za kabla na baada ya upasuaji zipo. Wanaodanganya mara nyingi huonekana kwenye vipimo vya konea, na wanachokosa mwishoni si macho bali neno lao kuaminika. Kuna pia wanaonunua miwani ya rangi wakiambiwa inaponya upofu wa rangi. Haiponyi. Inabadilisha tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili, ukurasa mmoja unafunguka na mwingine unafungwa. Mlangoni tunaiomba ivuliwe.

Wapo na wa kinyume, wanaotaka wasichukuliwe. Kijana anasoma mstari mmoja wa juu kwa mita 6 anakwama. Unamsogeza mita 3, ambapo anapaswa kusoma herufi ndogo mara mbili zaidi, naye anasoma mstari ule ule tu, hata moja zaidi hataki. Jicho halifanyi hivyo. Moyo ndio hufanya.

Lakini wa jicho vivu ndiye ambaye hunijia nikikaa peke yangu.

Alikuwa amekimbia mbio za asubuhi akiwa wa kwanza, tulisikia jina lake kabla hajaingia. Nikampa kibao, nikamwambia azibe jicho la kushoto. Akaziba kwa mkono wa kushoto, akasoma chati mpaka chini, kwa haraka, bila kosa. Nikageuza chati. "Badilisha." Akabadilisha. Akasoma chati ya pili mpaka chini, bila kosa. Nikaandika 6/6 na 6/6, na kalamu ilikuwa inakaribia mhuri nilipogundua nilichokiona. Alikuwa amebadilisha mkono, jicho hakulibadilisha. Kibao kilihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia na kurudi pale pale, juu ya jicho la kushoto.

"Rudia," nikamwambia. "Ziba la kulia."

Alisimama muda mrefu. Kisha akaziba la kulia, akatazama ukuta kama mtu aliyeamshwa usiku. Hakupata hata herufi kubwa ya juu. Nikampa kibao cha vitundu, hakuna tofauti. Nikamwita daktari.

Alimtazama kwa nusu saa nzima. Jicho lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote. Konea safi, lenzi safi, retina safi. Tatizo lilianza utotoni, jicho lile likiwa na kipimo tofauti sana na mwenzake, na ubongo ulipopokea picha mbili zisizolingana ukachagua moja ukaacha kuisikiliza ya pili. Jicho la namna hii hutibika vizuri mtoto akiwahiwa, kwa miwani na kwa kuzibwa jicho zima ili lile zembe lifanye kazi. Miaka ya kwanza saba, minane ndiyo yenye nafasi kubwa. Yeye alikuwa na 20.

"Hakuna aliyewahi kukuambia?" daktari akauliza.

Akafikiri. "Mwalimu aliwahi kuandika barua nyumbani. Aliandika nina jicho vivu. Baba alisoma mvivu." Akajaribu kucheka. "Nilichapwa."

Wala daktari wala mimi hatukupata la kusema. Akavaa shati lake, akauliza kama anaweza kwenda na karatasi, kwa sababu ana mdogo wake wa miaka mitano. Daktari akaandika barua ya kurasa mbili kwa mkono, kwa herufi kubwa.

Baada ya siku ile nilianza kutazama macho badala ya mikono, na kwa mwezi uliofuata niliwakamata wawili wengine. Najiuliza ni wangapi walinipita kabla.

Na kitabu cha rangi? Hilo swali huulizwa kila nikieleza kazi yangu. Mtu asiyeona namba atapimaje wanaoziona? Daktari alilijibu siku ya kwanza kwa kunikabidhi karatasi ya ufunguo. Kazi yangu haikuwa kuona. Ilikuwa kushika kitabu sentimita 75 kutoka usoni, kwenye mwanga wa dirisha lakini si wa jua kali, kuhesabu sekunde tatu kila ukurasa, kukataza vidole visiguse vitone kwa sababu mafuta ya ngozi huvichafua, kuandika kinachosemwa, na kufunga kitabu baada ya kazi rangi zisipauke. Uamuzi ulikuwa wake. Ishihara mwenyewe, inaelezwa, alikuwa na daktari mwenzake mwenye upofu wa rangi aliyemsaidia kujaribu kurasa. Nilijifariji naye mara nyingi.

Ilikuwa kazi ya ajabu hata hivyo. Siku nzima vijana walinisomea vitu nisivyoviona. Sabini na nne, walisema, bila kusita, wakitazama 21 yangu. Nikaandika 74. Kisha tunafika kwenye zile kurasa chache zilizotengenezwa kwa kugeuza mambo, ambazo mwenye macho ya kawaida huona vitone vitupu, na sisi wengine huona namba. "Hapa hakuna kitu, Afande," wanasema. Na mimi nimeishika 45 mikononi mwangu, kubwa kama bango. Naandika: hakuna.

Siku moja, kuelekea mwisho wa foleni, aliingia binti. Kwa binti hali hii ni nadra sana, kwa hiyo sikutegemea lolote. Alisoma chati vizuri. Akakaa dirishani. Akasema 12. Akasema 3. Nikainua macho kwenye ufunguo. Akasema ishirini na moja, kwa sauti ile ile, ya mtu aliyepona. Niliandika polepole. Kurasa tupu zikamtia wasiwasi, akaanza kubana mikono magotini. Nikafungua ukurasa unaofuata, akatazama, mabega yakashuka.

"Arobaini na tano," akasema.

Ilikuwa 45. Tuliitazama sote wawili, na sekunde tatu zikapita, nne, tano.

"Nimepata, Afande?"

Nikafunga kitabu taratibu, nikamuuliza kama mama yake ana kaka.